Ndege ya Betri Aliyoiacha Kaka

Tulipomaliza matanga ya kaka yangu huko Bondo, vitu vyake viligawanywa. Ndege yake ndogo ya betri, ya kuongozwa kwa redio, hakuna aliyeitaka. Mjane wake akaniomba nimfundishe kuirusha. Ikivunjika, nyingine hatungeipata.

Tulikwenda Kisian, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, alasiri, upepo unapotoka ziwani, kwa sababu betri ikiisha upepo huirudisha ndege nchi kavu. Tangu msiba sikuwa nimelia. Siku hiyo pia sikuhisi kitu. Nilieleza tu.

"Ikikujia, kushoto kwako ni kulia kwake. Basi ipe mgongo, shemeji, uitazame juu ya bega. Hutakosea."

"Ndugu yako alikuwa ananigombeza tu," alisema, akaigeuza vizuri kabisa.

Kisha mngurumo ukakatika.

"Shemeji, imekufa!"

"Hapana, ni betri imeisha. Usiivute juu. Iache ishuke yenyewe."

Ilishuka kimya hadi kwenye nyasi, nzima. Shemeji alicheka, halafu akakaa chini akalia. Mimi niliiokota, nikapangusa mabawa, nikachomoa betri, kama kaka alivyonizoesha.