Kengele Yenye Kijiti cha Mfupa

Ukitaka Kulow Alio akuchongee kengele ya ngamia, ilibidi kwanza umpeleke akamwone ngamia mwenyewe. Njia nyingine hakuikubali. Ungemweleza kwamba ni jike, ana miaka minane, ndiye anayetangulia kundi, naye angekusikiliza kwa heshima zote, kisha aanze upya kana kwamba hujasema neno. Hutembea ameinua kichwa au ameinamisha? Akipanda ukingo hutikisa shingo? Akisikia fisi husimama au hutimua mbio? Mama yake alikuwa wa nani, na huyo mama alikufa kwa nini? Wapo wateja waliofika Garissa wakitafuta kengele wakarudi kwao na maumivu ya kichwa.

Walimvumilia kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na kibanda cha fito na mikeka karibu na soko la mifugo, na ndani kulijaa vijiko vya mti, vitana, vigoda vya kulalia kichwa na mbao ambazo watoto wa chuo huandikia aya za Kurani. Hivyo aliviuza kwa yeyote aliyepita. Kengele ndizo zilizokuwa heshima yake. Alichukua kipande cha mti mwepesi kutoka kando ya Mto Tana, akakifukia kwenye mchanga wenye unyevu wiki tatu kikauke taratibu bila kupasuka, akakichonga kwa tezo, akakikomba ndani kwa patasi na kisu kilichopinda, na kila baada ya muda akakigonga kwa ukucha na kukitegea sikio. Mwisho alitundika ndani vijiti viwili vya mti mgumu, kila kimoja kwa kamba yake, na hapo hakuwa na haraka hata chembe. Kijiti kikikaa upande, alisema, kengele inalia kama mtu anayeongea na chakula cha moto mdomoni. Kikikaa sawa, mwanamke aliye ng'ambo ya korongo husikia sauti ikipita akasema hiyo ni ya Kulow, na ngamia huyo ni wa fulani.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo katikati ya vita.

Tangu mwisho wa mwaka 1963 sehemu zile zilikuwa chini ya hali ya hatari. Wapo waliotaka jimbo lijiunge na Somalia, serikali ikakataa, bunduki zikaanza kulia, na kila aliyebeba bunduki porini akaitwa shifta. Kufikia 1966 wafugaji walikuwa wakikusanywa wakae katika vijiji vyenye ulinzi, na kundi la ngamia lililoonekana nje ya hapo lilihesabiwa kuwa linawabebea shifta chakula. Waliobaki porini na mifugo yao walizivua kengele shingoni wasisikike. Mjini, mwenye akili hakumuuliza jirani yake katoka wapi wala anakwenda wapi, maana hakujua jibu lingemfikia nani.

Kulow aliendelea kuuliza. Alikuwa hawezi kujizuia, kama wengine wasivyoweza kujizuia kukohoa. Sirad, mjane aliyeuza chai kibanda cha pili, alikuwa amechoka kumwonya.

"Hata kafyu imeshindwa kukufunga huo mdomo," alimwambia.

"Kafyu ni ya miguu, walaal, dada yangu," alijibu Kulow. "Hivi yule aliyekunywa chai sasa hivi, mbona anachechemea mguu wa kushoto?"

Biashara ya kengele ilipokufa, wateja wake wakawa makarani na askari walionunua vijiko. Mmoja wao alikuwa koplo, kijana wa Kikamba mwenye mabega mapana. Wenzake waliuliza bei. Yeye alikigeuza kijiko, akaufuata mshipa wa mti kwa kidole gumba, akakinusa. Kulow alimwona, na kuanzia hapo koplo hakuwa na ujanja. Alivutiwa kigoda, akaagiziwa chai, akaanza kuulizwa.

Ikajulikana kwamba baba yake na ami zake wote ni wachongaji huko Ukambani.

"Chonga nini?" aliuliza Kulow. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimejaa vumbi la Kisomali.

"Wanyama, mzee. Tembo, simba. Twiga zaidi."

"Twiga ya nini?"

"Ya kuuza. Wazungu wananunua."

"Nanunua, nafanya nini na yeye?"

"Wanamweka mezani."

Kulow alifikiri. "Halafu?"

"Halafu basi."

Jibu hilo lilimnyima raha siku mbili. Mti mzuri, mikono ya mtu na babake, halafu mnyama anasimama mezani hafanyi lolote! Koplo aliporudi alimdai maelezo zaidi, na koplo, ambaye hajawahi kuulizwa habari za kwao tangu aletwe kaskazini, alieleza mpaka chai ikapoa. Ili kulipa wema kwa wema, Kulow naye akamfungulia siri zote za kengele. Akamwambia jinsi asivyoshika tezo kabla hajamwona ngamia. Akajisifu kwamba hakuna kengele yake hata moja asiyojua shingo inayoivaa.

Sirad alisikia yote hayo, na koplo alipoondoka alipiga ulimi.

"Umemwambia askari kwamba unajua kila ngamia wa watu," alisema. "Nikuongezee sukari au inatosha?"

Kulow alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Alimpenda yule kijana. Hakuwa amefikiria kabisa juu ya sare aliyovaa.

Wiki chache baadaye, asubuhi ya Jumatano, Landrova ya jeshi ilisimama mbele ya kibanda. Alishuka luteni mmoja mwembamba ambaye Kulow hakumjua, na nyuma yake koplo, amebeba kengele ya mti iliyokatika ukanda.

Kulow aliitambua kabla haijawekwa chini. Ilikuwa ya Deero, ngamia jike mwenye shingo ndefu, wa Ebla Shurie, mjane wa upande wa Balambala. Alikuwa ametembea siku mbili kwenda kumwona Deero huyo, akala kwa Ebla, akanywa maziwa yake, akamchosha kwa maswali hadi yule mama akasema atampa huyo Deero amuoe. Na habari zilizokuwapo mjini ni kwamba Ebla alikuwa hajaingia kijijini. Alikuwa bado porini na mabinti zake wawili na kundi lake, akijificha. Jina lake likitamkwa hapa, jeshi lingejua litafute nani na wapi. Ngamia wangepigwa risasi au wangechukuliwa, na Ebla angefungwa kwa kuwalisha shifta, hata kama hajawahi kuwapa tone la maji.

Basi Kulow aliuweka uso wake sawa. Akaamua kusema haijui. Wachongaji ni wengi, na kengele za mti huonekana ndugu kwa macho ya mgeni. Ilikuwa hila rahisi, na angeimaliza vizuri tu kama luteni asingeinua ile kengele akaitikisa.

Ilitoa sauti mbaya ajabu. Ilikwaruza, ikadunda, ikanyamaza katikati.

"Hiyo hapana kijiti yake," alisema Kulow.

Maneno yalimtoka kabla hajajua anasema. Miaka thelathini ya kazi ilisema kwa niaba yake.

"Unasemaje?" aliuliza luteni.

Koplo alikuwa ameinamisha kichwa akitazama mavumbi ya viatu vyake.

"Kijiti ya kengele nakuwa ya mti," alisema Kulow polepole. "Hiyo ndani ni mfuba. Mutu nafanya vibaya. Mimi nasema tu."

"Kwa hiyo kengele ni yako."

Hakukuwa na pa kukimbilia tena. "Mimi chonga."

"Ulimchongea nani?"

"Hapa sokoni nauza. Mutu naliba, nachukua, naenda. Mimi hapana uliza jina."

Hakuna mtu kati ya Garissa na Balambala ambaye hakujua kwamba huo ndio uongo mkubwa kuliko wote uliowahi kusemwa mahali hapo. Muuza mkaa alijishughulisha na gunia lake. Sirad alisogea na birika mkononi, uso umetulia.

"Kweli, afande," alisema. "Huyu mzee hapana benda maneno. Kutwa nzima iko kimya."

Luteni hakumjali. Alimgeukia koplo. "Wewe si mtoto wa wachongaji? Inawezekana mtu achonge kitu kama hiki asijue alimpa nani?"

Hapo ndipo Kulow alipojua woga hasa ni kitu gani. Kila alichokuwa amejisifia siku zile za chai kilikuwa kichwani mwa kijana huyu, na kijana huyu alikuwa na cheo cha kutafuta na mama wa kulisha. Alitamani kumtazama usoni, akaogopa macho yake yasije yakaomba waziwazi.

"Inawezekana, afande," alisema koplo. "Mletee baba yangu twiga aliyemchonga mwaka jana, hatajua nani alimnunua. Mchongaji anaujua mti tu."

Luteni aliitazama kengele, akamtazama mzee, akaitupa kengele ndani ya gari. Akaonya kwamba atarudi. Koplo alipanda bila kugeuza shingo, na baada ya siku ile hakukanyaga tena kibandani. Mwezi uliofuata kikosi chake kilihamishwa, na hakuna aliyemwambia Kulow kilipelekwa wapi.

Ungedhani mzee wetu angeshukuru Mungu akalala. Wapi! Sasa ndipo yalipoanza mateso yake. Ile kengele waliipata wapi? Ilianguka njiani au ilivuliwa shingoni mwa ngamia aliyekufa? Na kama Deero amekufa, mwenyewe yuko wapi? Nani alitia mfupa ule, na kwa nini? Alikuwa na maswali ya kujaza kapu, na hata moja halikuweza kuulizwa. Kumuuliza msafiri wa Balambala habari za Ebla kulikuwa sawa na kumtaja kwa luteni. Aliwatazama watu wakipita na vumbi la upande ule miguuni, akafunga mdomo, akachonga vijiko. Alikonda. Sirad, ambaye kwa miaka alikuwa amemwomba anyamaze, alianza kumwuliza kama ni mgonjwa.

Ilipita miezi minne. Siku moja adhuhuri mwanamke mwenye shuka lililochakaa aliinama akaingia kibandani, akaketi bila kukaribishwa, akasalimu, "Nabad, Kulow."

Alikuwa Ebla Shurie. Alikuwa amekonda na kuungua jua, na mkononi alishika karatasi ya ruhusa kutoka kijiji cha serikali. Kulow aliweka tezo chini. Waliongea Kisomali, lugha ambayo Kulow hakuwahi kuikosea isipokuwa kwa kuitumia kupita kiasi, lakini leo hata salamu ilimshinda.

"Mbona huulizi?" alisema Ebla. "Njia nzima nimekuwa nikijiandaa."

"Naogopa," alisema Kulow. "Nimeogopa tangu walipoileta."

Basi Ebla alieleza mwenyewe. Wamebaki ngamia kumi na mmoja. Mabinti ni wazima. Deero ni mzima. Wote waliingia kijijini kabla ya mvua, kwa sababu maji yaliwaishia, si kwa sababu mtu aliwakamata. Kengele ilikatika ukanda siku walipovuka korongo mbio ndege ikizunguka juu, na hakukuwa na nafasi ya kurudi kuiokota.

"Ulimwacha avae kengele kwenye vita?"

"Umeanza," alisema Ebla, na karibu atabasamu. "Alikataa kutangulia bila hiyo. Tuliivua, akasimama palepale, na kundi zima likasimama nyuma yake. Nikasema basi aivae, lakini isilie kwa sauti yako. Sauti yako inajulikana mpaka Tarbaj, mbali huko. Wakiipata wataambiwa ni ya Kulow, watakuja kwako, watakuapisha kwa Kurani. Na wewe huwezi kuapa uongo. Nikang'oa vijiti vyako, nikachonga mfupa wa mbuzi siku nzima. Tazama kidole nilivyojikata. Nikasema, wakimpelekea Kulow ataisikia ilivyo takataka, na ataweza kusema mbele ya Mungu kwamba hiyo si kazi yake."

Kulow alifunika uso kwa viganja. Akamweleza yote bila kupunguza: jinsi alivyokuwa amejiandaa kukana, jinsi luteni alivyoitikisa, na alichosema yeye.

Sirad aliweka chai mbele ya Ebla akaondoka kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo mfupa wangu ndio uliokusemesha," alisema Ebla.

"Ulikaa upande, Ebla. Sikuweza kuvumilia."

"Ungeniua mimi na wanangu kwa sababu kijiti kimekaa upande."

"Ningekuua," alisema Kulow. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alikuwa na haya kubwa, na furaha kubwa zaidi ya kumwona ameketi pale anakunywa chai.

Ebla aliimaliza hadi majani ya chini. Akaweka kikombe pembeni, akakunja mikono ya gauni lake, akanyoosha ile mikono yenye kovu mbele ya mzee.

"Basi nionyeshe kinavyokaa," alisema.

Kulow alijipangusa uso, akachagua kipande cha mti mgumu, akasogea kwenye mkeka ampe nafasi.