Cherehani na Nzige katika Mji wa Chuma

Kamanthe, fundi wa sare za shule hapa Machakos mjini, alikuwa mjane wa heshima, mwimbaji wa kwaya, na muuaji wa maroboti. Hilo la tatu walilijua wachache, na yeye hakupenda litangazwe.

Lilianza kwa mkanda uliokatika. Ghorofani juu ya kibanda chake, Ayanle, ambaye baba yake ni mchuuzi wa mbuzi, alikuwa amefungua duka la gemu, na wateja wake walikuwa hodari wa kukata mikanda ya zile miwani kubwa za kuvaa usoni. Siku moja akashuka nayo mkononi.

"Mama Mwelu, nishonee hii, tafadhali. Halafu uje uvae, tuone kama inakaza."

Kamanthe akashona, akapanda ngazi, akavaa. Kufumba na kufumbua Machakos ikatoweka. Alijikuta juu ya daraja la chuma, karne tatu mbele, mbingu za zambarau, na roboti refu kama mlingoti wa stima likimjia mbio. Alipiga yowe lililosikika mpaka stendi, akatupa bunduki ya plastiki aliyopewa, akaingia chini ya meza ya Ayanle, meza ambayo hata hakuwa akiiona. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mwingine angeona aibu, asikanyage tena pale. Kamanthe alirudi kesho yake, kwa sababu roboti lile lilikuwa limemdharau, na yeye hadharauliwi na bati.

Gemu yenyewe iliitwa Mji wa Chuma, na ilichezwa wawili wawili. Ayanle alikuwa na duka jingine kule Katangi, upande wa Yatta, linaloendeshwa na dada yake Warsan, na mtandao uliunganisha mchezaji wa huku na wa kule. Kila mmoja alijipa jina la bandia, na sauti za wote zilibadilishwa zikawa za madebe. Kamanthe akajiita Cherehani. Mtandao ukampa mwenzake aliyejiita Nzige.

Ee, walivyopatana! Cherehani aliona, Nzige akapiga. Cherehani alikuwa na jicho la kuona kitu kikitikisika gizani, na mdomo wa kukitangaza papo hapo: "Kulia kwako! Juu ya paa! Sasa!" Nzige hakuuliza maswali. Aligeuka, akafyatua, akacheka. Alicheka hata risasi zikimwisha, na kicheko chake kilimfanya Kamanthe asahau sketi ishirini zinazongoja pindo. Baada ya mchezo walibaki wamekaa juu ya magofu ya chuma, wakipiga soga na kucheka.

"Niko na mkwe mmoja," Cherehani alisema jioni moja, "mtu wa kunyamaza kama jiwe. Sijui kama msichana wangu anacheka huko."

"Labda anaogopa," Nzige akajibu. "Mimi pia niko na mama mkwe. Miaka yote hii, sijui hata akicheka sura yake iko aje."

Kamanthe hakuwaza lolote. Nani Ukambani hana mama mkwe?

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Kuna nthoni, ile haya ya heshima: hawapeani mikono, hawaketi meza moja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Siku hizi wengi wa mjini wanaipuuza. Lakini Kamanthe alilelewa Kithyoko, na mama yake mzazi aliwahi kuruka mtaro wa maji, na kikapu kichwani, ili asikutane na mume wa binti yake. Mtoto wa mama kama huyo haanzi kuvunja mila uzeeni.

Kwa hiyo Kimeu, mume wa Mwelu, binti yake wa pekee, Kamanthe alimjua kwa viatu. Kimeu akija kumtembelea nyumbani kwake Mumbuni, Kamanthe huinamisha macho, husalimia kwa mbali na kupotelea jikoni. Aliona viatu vya kahawia, cha kushoto kimefungwa kamba ya kijani, basi. Kimeu naye alimjua mama mkwe kwa sauti ya maombi kutoka jikoni, maana Kamanthe akiombea chakula hata jirani husema amina.

Likaja shindano. Ayanle akatangaza kwamba fainali itachezewa ghorofani kwake, wachezaji wote wakiwepo wenyewe, na jozi itakayoshinda itaenda Nairobi kucheza na mabingwa wa kaunti nyingine. Cherehani na Nzige wakafika fainali. Kamanthe aliitaka Nairobi ile mpaka akawa hashoni vizuri. Alimtia mtoto wa watu mikono miwili ya kushoto kwenye sweta. Tangu azikwe mumewe hakuwahi kutaka kitu namna hiyo.

Jumamosi alifika mapema, akavaa miwani, akasimama kwenye zulia lake akijaribu mkanda. Akasikia watu wakipiga makofi na Ayanle akiita, "Nzige huyo! Karibu ndugu yangu, simama hapa kando ya mwenzako!"

Sasa miwani ile, pale puani, huacha upenyo mdogo wa kutazama chini. Kamanthe akachungulia ili amwone rafiki yake. Aliona viatu vya kahawia. Cha kushoto kilikuwa na kamba ya kijani.

Kimeu! Yeye aliyemwambia Nzige habari za Kimeu! Alitaka kukimbia, lakini kukimbia ni kuvua miwani, na kuvua miwani ni kuonekana. Akaamua jambo moja: atacheza, ila hatafungua mdomo. Zamani barabara nzima ya Yatta iliwatenga. Leo ni hatua mbili, na sauti yake halisi ingevuka zulia kabla ya ile ya debe.

Mchezo ukaanza. Maroboti yakamiminika kutoka kila dirisha. Kamanthe alipiga kushoto, akapiga kulia, jasho likimtiririka. Aliona kila kitu na hakusema kitu. Nzige alikuwa akipiga hewa.

"Cherehani, mbona umenyamaza? Wako wapi? Niambie!"

Wapinzani wao wawili kutoka Mavoko wakatangulia. Nzige akapigwa bega, akapigwa mguu, akabaki na uhai kiduchu. Watazamaji wakaanza kuguna.

Ndipo Kamanthe akaliona. Roboti lile la daraja, refu kama mlingoti, limejitokeza nyuma ya Nzige na mkono wake wa shoka umeinuka. Yeye mwenyewe hakuweza kulipiga. Nzige alikuwa amesimama kati yao. Nairobi ilikuwa inaondoka hivi hivi. Na zaidi ya Nairobi, aliyekuwa karibu kukatwa ni mtu wake.

"Kimeu! Nyuma yako! Lala!"

Mwanamume akajitupa zuliani papo hapo. Kamanthe akafyatua juu ya mgongo wake, akafyatua mpaka bunduki ikatetema mkononi, na roboti likaanguka kwa kishindo kilichotikisa mbingu za zambarau. Ghorofa nzima ikalipuka kwa vifijo. Wameshinda!

Lakini mabingwa hawakuvua miwani. Mmoja alikuwa bado amelala kifudifudi. Mwingine amesimama kama nguzo, mkono mdomoni.

"Toeni basi, tupige picha!" Ayanle alisihi, asijue wamekwama kwenye nini.

Kimeu akainuka polepole, akageukia ukuta, akavua miwani bila kutazama upande wa pili. Viatu vya kahawia vikaenda mpaka ngazini, vikasita, vikashuka. Kamanthe alirudi Mumbuni na ushindi usio na ladha. Alikuwa amemwita mkwe kwa jina mbele ya watu. Na Nzige, rafiki yake, ndiyo basi tena.

Siku ya tatu Mwelu akaingia uani akimvuta mbuzi dume mweupe kwa kamba, akicheka mpaka anapepesuka.

"Mama, hii imetoka kwa Kimeu. Anasema wazee wa zamani, mkwe akichoka na nthoni, alikuwa analeta mbuzi ndio afunguliwe aongee na mama mkwe. Amesema ukikataa mbuzi atarudi Katangi na hatasema kitu. Ukikubali, anauliza Nairobi mtaenda saa ngapi."

Kamanthe akatazama geti. Chini ya bati kulikuwa na viatu vya kahawia, vimetulia, kamba ya kijani imefungwa kwa uangalifu wa mtu aliyekuja kuposa. Akamfunga mbuzi kwenye mti wa paipai. Akafuta mikono. Akafungua geti, na safari hii akainua macho.

Kumbe mkwe wake alikuwa na mwanya. Alipouona, kicheko kilimtoka Kamanthe chote, kile cha juu ya magofu, bila debe wala mtandao.

Kimeu alimtazama, akasahau hata kusalimia. "Kumbe ukicheka iko hivyo," akasema.