Dawati la Watu Watatu

Kengele ya shule bado haijagongwa. Katika darasa la pili, Mama Randa amepiga magoti sakafuni, penseli nyuma ya sikio, akipitisha kiganja chini ya dawati jipya alilolileta siku chache zilizopita. Anatafuta vibanzi. Akigusa kimoja anakisugua kwa msasa, kisha anapapasa tena pale pale.

"Mwanangu akichomwa hapa hawezi kujisogeza," anasema bila kuinua kichwa. "Atavumilia mpaka masomo yaishe."

Mwanangu huyo si wa kumzaa. Ni msichana wa miaka minane ambaye mgongo wake hauna nguvu za kumshikilia, ila ulimi anao. Mtaa mzima unamwita Bosi kwa anavyopenda kutoa amri. Mama Randa, fundi seremala aliyerithi randa ya marehemu mumewe pamoja na maneno ya waliosema hataiweza, ni mmoja wa wanaozipokea amri hizo.

Mwaka jana Bosi alisoma akiwa amepakatwa. Bibi yake alimbeba mgongoni hadi shuleni, akaketi naye nyuma ya darasa, akamshikilia hadi muda wa kutoka. Magoti ya bibi yalipogoma, mtoto alijaribiwa kwenye benchi la kawaida. Alianguka, akapasuka juu ya jicho. Mwalimu mkuu, ambaye kwa haki ya Mungu si mtu mbaya, aliogopa. Akamwomba bibi mtoto apumzike nyumbani mpaka papatikane mahali salama pa kumkalisha.

Bibi amezeeka na anajua mapumziko ya namna hiyo huwa marefu. Hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Mama Randa.

Fundi akaweka kando kitanda cha bwana harusi mmoja mwenye haraka zake, akatengeneza kiti cha kifalme. Kilikuwa na sponji mgongoni na ubavuni, mkanda laini wa kifuani, na kimeza chake chenyewe mbele. Walimu walimsifu. Bibi alitokwa na machozi. Bosi akarudi darasani.

Siku chache baadaye Mama Randa alipita shuleni kukagua kazi yake na, kama anavyokiri huku akicheka, kusifiwa tena. Alichokiona kilimkata maini.

Katika shule hii watoto watatu hukaa dawati moja na kusoma kitabu kimoja, na wa katikati ndiye anayekishika. Kiti cha Bosi hakikuweza kupenya kati ya madawati, kwa hiyo kiliwekwa ukutani. Wenzake walikuwa wamebanana, vichwa juu ya vitabu, wakisoma kwa sauti. Yeye alikuwa wima, salama salimini, mbele ya kimeza kitupu.

Mama Randa aliinama, akamuuliza kama kiti kinamfaa. Maneno ya Bosi hutoka polepole, yakisukumwa moja moja.

"Kizuri, Fundi. Ila ni cha mtu mmoja."

Siku hiyo chakula kilimshinda Mama Randa. Alikuwa amempima mtoto nyumbani kwa bibi, juu ya mkeka, mgongo na miguu, na akaona amemaliza. "Wenzake sikuwapima," anasema. "Nilidhani natengeneza kiti, kumbe natengeneza shule."

Alirudi na futi yake, akampima Bosi akiwa katikati ya wasichana wawili ambao mtoto mwenyewe aliwachagua. Kisha akakivunja kile kiti cha kifalme, bibi akitazama kwa uchungu, na mbao zake zikaingia kwenye dawati hili. Katikati pana egemeo na sponji, na ukingo wa meza umekatwa kufuata kifua. Kipande cha benchi cha pembeni kinainuka kwa bawaba ili mwalimu ampitishe. Fundi alikuwa amependekeza akae pembeni, kazi iwe rahisi. Bosi alikataa katakata, akasema kitabu kiko katikati.

Bibi amekwishamtajia fundi watoto wengine wawili mtaani ambao bado "wanapumzika". Mwalimu mkuu ameahidi kumpa madawati mabovu yaliyorundikwa stoo. Mama Randa anataka kila darasa lipate lake, na safari hii ataanza kupima darasani.

Kengele inagongwa. Mwalimu wa darasa anaingia, anamsalimia fundi, halafu anamlalamikia. Tangu Bosi akae katikati, anasema, dawati hilo halisikii, na jana jioni alilazimika kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

Mama Randa anageuka. Majina ni matatu, na la Bosi ndilo la kwanza. Mwalimu ameshachukua dasta afute.

"Liache kidogo, Mwalimu," fundi anamwomba. "Bibi yake yuko njiani. Acha aje alione."