Kaburi Nililolipaka Chokaa

Jumapili moja, miezi michache kabla ya uhuru, mzee wa kanisa alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba nafasi ya makaburi imekwisha. Jumamosi ijayo kila jamaa aje asimame kwenye kaburi lake, liandikwe. Lisilo na mwenyewe litasawazishwa.

Sikushtuka. Nilitoka nje na haraka zangu kama kawaida, nikapita makaburini, na hapo roho ikanipaa. Seremala mmoja mstaafu alikuwa amevua kofia mbele ya kaburi letu, lile nililolipaka chokaa kwa mikono yangu miaka saba, akisema polepole, "Baba, usiwe na wasiwasi. Jumamosi nitakuja."

Baba? Baba gani tena?

Kanisa letu la Kisauni lilijengwa na watu waliokombolewa utumwani, na mamake nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Alishushwa kutoka jahazi lililokamatwa baharini, mtoto asiyejua hata jina la kijiji chao. Katika daftari la ubatizo, mahali pa kuandika kwao pameachwa patupu. Nyanya alizoea kuniambia, "Wenzetu wana Rabai, wana Taita. Mimi kwetu ni pale alipolala mama." Na mwaka ule wa kungoja bendera, swali lilikuwa hilo hilo kila kibaraza: wewe kwenu wapi? Mpaka jirani mnayeombana naye chumvi akuuliza! Nyanya alilichukia swali lile, nami nilimwona jinsi lilivyomnyima raha.

Desturi yetu ilikuwa kuyapaka makaburi chokaa wiki ya Pasaka. Miguu ya nyanya ilipoanza kumsumbua, na macho kuingia ukungu, kazi ile nilipewa mimi, nina miaka kumi na mmoja. "Ukifika kwenye mwarobaini," aliniambia, "hesabu matatu kuelekea ukutani, halafu utazame..." Nilikuwa nishafika mlangoni na ndoo. Sasa, matatu ukianza na lile la chini ya mti, au linalofuata? Mawe matupu yote, hakuna hata herufi. Moja lilikuwa safi, jingine limemezwa na upupu. Nani anataka kujikuna Pasaka nzima? Nikalipaka lile safi. Mwaka uliofuata nilikuta upupu umeng'olewa kwenye lile jingine, nikasema, alaa, kumbe lina watu wake. Basi nikaridhika.

Na kila mwaka nikirudi nyanya aliniuliza, "Umemsalimu mama?"

"Nimemsalimu, nyanya."

"Hakusema kitu?"

Tukacheka wote wawili.

Wiki ile sikukalika. Jumatatu nilikwenda makaburini, Jumanne nikaenda tena, nikakwangua mawe kwa kisu nikitafuta alama, nikaambulia kuvunja kucha. Niliunguza wali mara mbili. Nilifungua mdomo nimwambie nyanya, nikajikuta nauliza kama anataka chai. "We mtoto, hebu kaa chini!" akanifokea. "Wanitia kizunguzungu." Nilikaa, nikainuka tena. Nilijiona mwongo, na kweli nilikuwa mwongo.

Jumamosi alivaa leso yake mpya, akashika mkongojo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Seremala alikuwa ameshafika, kiganja juu ya jiwe jeupe.

"Shikamoo, dada. Karibuni. Hapa ni kwa baba."

Vidole vya nyanya vilinibana begani. Karani wa kanisa akaja na daftari lake, akauliza, "Haya, hili la nani?"

"Ni lao," nikasema, na machozi yakanitoka mbele za watu. "Nyanya, nimekosa. Miaka yote hii nimepaka kaburi la watu. Sikuhesabu vizuri, na wala sikuuliza."

Seremala ndiye aliyesema.

"Kumbe ni wewe! Mimi nikidhani ni kanisa. Kila Pasaka nakuta baba amepakwa, nami hata ndoo sijanunua. Nikaona haya. Nikasema, basi nami nimpalilie huyu jirani yake, maskini, asiye na mtu."

Akatuonyesha lile la pembeni. Halikuwa na tone la chokaa, lakini nyasi hata moja hukuona. Nyanya akainama kwa taabu, akapapasa upande wa kichwani, akafuta mchanga kwa kidole. Palikuwa na kisahani cha buluu kilichogandamizwa kwenye saruji, ukingo umemeguka. Alikiweka mwenyewe siku ya maziko. Angeniambia mwaka ule wa kwanza, kama ningengoja amalize kusema.

"Ni yeye," akasema. "Andika, mwanangu."

Karani akaandika. Nyanya akabaki ameinama, hakunitazama.

"Mama," akasema, "huyu ndiye mjukuu wangu, anayekusalimu kila Pasaka." Akakipangusa kile kisahani. "Salamu zote alikuwa akiziacha kwa jirani."

Seremala akacheka, karani akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Haya, we," nyanya akaniambia, sauti imelegea. "Usikimbie. Muamkie."

Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nikakaa.