Ndui ilipofunga gulio, tukauziana vyungu kwa matusi

Wakuu, hivi nyie mshawahi kununua mtama kwa matusi?

Anayeandika ni mjukuu wangu Zuhura, mimi naongea tu, shule niliiona kwa mbali. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, siwadanganyi.

Wazungu wa ule mradi wa karanga bado wako Nachingwea. Mimi kigoli. Sisi Wamwera upande wa Ruangwa, ng'ambo ya mto watani zetu Wayao.

Mama mjane, mfinyanzi. Vyungu vinaenda gulioni ng'ambo, mtama unarudi. Ndo tunakula.

Ikaingia ndui kule. Tarishi wa jumbe akaja: gulio limefungwa, hakuna kuvuka, na nguo ya mtu wa kule isiguswe.

Mama akamwambia, "Baba, ndui sijaipata. Njaa ninayo tayari."

Tarishi akajibu, "Dada, ukirudi nayo utawazika hawa watoto."

Wakuu, wote wawili wana haki! Na ndani tuna mtama wa siku mbili tu.

Asubuhi mama akabeba vyungu mpaka mtoni. Kiangazi, mchanga mtupu. Akapaza sauti: "Nyie Wayao, mmeshakufa wote nije nirithi mashamba?"

Mtani wake Biti Saidi akaitikia toka ng'ambo: "Bado! Tangulia wewe, uso kama kitako cha chungu!"

Ndo gulio likaanza hivyo!

Mama anaweka chungu katikati, anarudi nyuma. Biti Saidi anakuja, anamwaga mtama kwenye jiwe, anaondoka na chungu. Mtama unapigwa jua mpaka alasiri, ndo tunaufuata. Ukiwa kidogo, mama anatukana mpaka aongeze. Watu pande zote mbavu hawana!

Siku ya tatu tarishi huyoo.

"Nani kavuka?"

"Hakuna," mama akajibu.

Biti Saidi akadakia, "Vuka wewe tarishi, nikupe mke!"

Tarishi akacheka mpaka kofia ikadondoka. Kisha akachora mstari kwa fimbo mchangani. "Hapa mwisho wenu. Na nguo, hapana."

Sasa siku moja Biti Saidi akaleta kanga mpya abadilishane na chungu kikubwa. Mimi nina kitambaa kimoja kimechakaa. Nikalia! Mama akaitazama weee, akameza mate.

"Ondoa gunia lako hilo!"

Wiki ile ile Biti Saidi akaugua ndui. Nilikuwa nimemnunia mama kwa ile kanga, nikaacha.

Alipona, alhamdulillah, kabaki na makovu tu. Kwetu haikuvuka. Gulio lilipofunguliwa mama akawa wa kwanza kuvuka, wakakumbatiana wanalia na kutukanana, "Uso umekuwa chujio, mwenzangu!"

Nilichojifunza mimi: anayefunga aulize watu watakula nini. Na anayetaka kufungua ajue kuna kitu lazima akiache, hata kama roho inakipenda.

Nyie wakuu mngefunga au mngefungua? Semeni, Zuhura atanisomea.

Naye kaniahidi korosho zikiisha atanipakia pikipiki mpaka ng'ambo, tuwatafute wajukuu wa Biti Saidi, nikawatukane vizuri.