Somo la Maikro na Vitunguu Saumu vya Bashay

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kata ya Tlawi, wilayani Mbulu, nikiwa na stashahada, buti za mpira na daftari moja. Mtendaji wa Kata alinionyesha meza yangu, kisha akanionya: "Hapa wakulima hawasikilizi maneno. Wanaangalia mikono yako." Alisema kweli. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa bibi shamba, kama walivyotuita maofisa ugani wa kike. Nilipima nafasi za mashimo kwa kamba, nikafundisha kuchimba makinga maji kwenye miteremko, na polepole wakaniamini.

Kisha ikaja amri kwamba asiye na shahada hapandi cheo. Afisa Kilimo wa Wilaya aliniita Mbulu mjini. "Tutakusomesha uchumi wa kilimo," alisema. "Ukirudi, nataka mtu wa kunisaidia kufikiri."

Chuoni nilikaa na rika la binti yangu. Mwaka wa kwanza nilijikongoja, wa pili nikakutana na maikro ya ngazi ya kati. Maikro, kwa wasioijua, ni uchumi wa mtu mmojammoja: mnunuzi anachagua nini, mkulima anazalisha kiasi gani, bei inapatikanaje. Mwanzo tuliieleza kwa maneno na michoro. Sasa ilikuwa hesabu ya herufi tupu, na mimi hesabu niliiacha kidato cha nne. Mhadhiri alijaza ubao, akafuta, akajaza tena, nami nikanakili nisichokielewa. Mtihani wa mwisho nilifeli.

Wenzangu walipokwenda likizo nilibaki kusomea mtihani wa marudio. Nikamfuata mhadhiri ofisini.

"Mwalimu, nasoma lakini sioni kitu."

"Kwenu mnalima nini?"

"Mahindi, maharage, ngano. Kwenye kata ya Bashay wachache wanalima vitunguu saumu."

"Vitunguu saumu vikishuka bei nusu, wewe utakula mara mbili?"

Nilicheka. "Nani ale vitunguu saumu mara mbili?"

"Basi huo ndio mnyumbuko mdogo wa mahitaji. Bei ipande au ishuke, watu wananunua karibu kilekile. Sasa wakulima wote wakivuna sana mwaka mmoja, itakuwaje?"

Nilifikiri. "Bei itaanguka vibaya. Watapata kidogo kuliko mwaka wa mavuno haba."

"Kaandike hivyohivyo."

Swali la namna hiyo lilikuja. Nilijibu kwa mfano wa Bashay, nikafaulu. Siku ile nililia kwa furaha.

Niliporudi, bosi aliyenituma alikuwa amehamishwa. Afisa Kilimo mpya alikuwa na kampeni moja: kila kaya ya Bashay ipande vitunguu saumu, kwa kuwa bei ya mwaka ule ilikuwa juu. Kikaoni niliomba kusema.

"Mkuu, wakipanda wote msimu mmoja, bei itaanguka. Tuwapangie zamu, wengine wabaki na maharage."

Alinitazama juu ya miwani. "Mkoani wananiuliza hekta. Bei hawaniulizi. Au tumekusomesha ili uje kutupinga?"

Watu wakacheka. Barua ya kunipandisha cheo ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi. Nikaketi.

Laiti ningeishia kuketi. Nilitumwa Bashay kuhamasisha, nami nikahamasisha. Baada ya mkutano Mzee Tluway, mkulima wa pale niliyemfahamu miaka mingi, alinifuata kwenye gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya mkutano nimeyasikia. Sasa niambie wewe mwenyewe, maana umesoma. Niuze maksai ninunue mbegu?"

Alikuwa nao wawili tu, ndio waliomlimia. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Uza, mzee," nikasema.

Mvua zilinyesha vizuri, na hilo ndilo lililotumaliza. Kila mtu alivuna. Malori yalikuja juma la kwanza na la pili, baada ya hapo wanunuzi wakaacha kupokea simu. Gunia likawa halirudishi hata nauli yake. Vitunguu viliota, vikaoza, kata nzima ikanuka, nami nikawa napita na pikipiki bila kusimama. Mzee Tluway hakuwa na cha kulimia msimu uliofuata. Aliteremka bondeni Yaeda Chini kuchunga ng'ombe wa watu, kwa umri ule.

Cheo nilikipata. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Afisa Utumishi alisoma mafanikio yangu, na la kwanza lilikuwa kuongezeka kwa mashamba ya vitunguu saumu. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikashukuru.

Mwaka jana nilikwenda Yaeda Chini kumtafuta mzee. Alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Alinipa kigoda na maziwa.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Kwa ajili ya vile vitunguu."

"Lile lilikuwa la Mungu, mwanangu. Wewe ungejuaje?"

Ningeweza kunyamaza hapo, kama nilivyozoea.

"Nilijua, mzee. Chuoni nilifundishwa hilohilo. Nililijibu kwenye mtihani."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujauza maksai."

Akachukua fimbo, akainuka kwa taabu, akawafuata ng'ombe. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani. Nilirudi peke yangu.

Vijana wa ugani huja kwangu kuniuliza kama maikro ni ngumu. Nawaambia ni ngumu, lakini mtu akikazana hufaulu. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha. Nilidhani uzee ungenipa la kusema, haukunipa.

Mzee Tluway alifariki kabla ya mvua za mwaka huu, wakamrudisha Bashay kumzika. Nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa. Mwanawe mkubwa akaniona, akaja akanishika mkono, akanikalisha mbele kati ya wazee.

"Huyu ndiye bibi shamba wetu," aliwaambia watu. "Amesoma sana. Baba alikuwa akimsikiliza yeye tu."

Mzee hakuwa amemwambia mtu yeyote.