Filimbi ya Kwenye Kona

Tangu siku tulipomzika baba, mama hakuchemsha tena maji ya kuoga. Chai alichemsha, uji alichemsha, lakini maji ya kuoga, hata mtoto akiwa anakohoa usiku kucha, hapana. Tulioga ya bombani, tukatetemeka, tukazoea. Mgeni akiomba ya moto aliambiwa mkaa umekwisha, na gunia zima limesimama nyuma ya mlango linamtazama.

Baba alikuwa dereva wa garimoshi, na madereva wa wakati ule kila mmoja alikuwa na mkono wake kwenye filimbi. Wakifika kona ya tangi la maji, karibu na kota za reli tulizokaa, walivuta kamba kila mtu kwa namna yake, na wake zao wakajua nani anarudi kabla hata moshi haujaonekana. Baba alipiga mbili fupi, halafu moja ndefu ambayo aliiachia polepole mpaka ikafa yenyewe. Mama akiisikia tu, sufuria kubwa jikoni. Baba akiingia na masizi yake, ndoo iko bafuni inafuka mvuke, na mama anamfokea, "Nenda kaoge, maji yasipoe!" Kama walikuwa na mapenzi mengine zaidi ya hayo, sisi watoto hatukuyaona.

Siku aliyokufa, filimbi ililia vilevile. Mbili fupi, moja ndefu. Mama akainjika maji, akatoa na shati safi. Yalikuwa yanatokota wakati wanaume walipoingia wamembeba baba juu ya ubao, wamemfunika koti. Bomba la mvuke lilipasuka njiani, upande wake, likamuunguza mwili mzima. Aliyelifikisha garimoshi stesheni ni mdogo wake, baba yetu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mpiga makaa wake, wa kulisha moto wa injini.

Mama hakulia kwanza. Alimkazia macho baba mdogo.

"Ulijua amekufa, ukaiga mkono wake kwenye filimbi," akasema. "Umenifanya nichemshe maji ya maiti huku nacheka."

Baba mdogo akainama, akamfunika kaka yake koti vizuri.

Basi, mambo yakaishia hapo, na hapo ndipo yalipoanza. Mama hakusema naye tena, na huku wanaishi nyumba moja. Baba mdogo alihamia chumba cha uani, hakuoa, akatulea sisi mpaka tukaota ndevu, sisi tunaoota ndevu na sisi tusioota. Mama alimpikia kila siku. Lakini akiwa amekaa naye meza moja alinigeukia mimi, binti yake mkubwa, na kuniambia, "Mwambie baba yako mdogo chakula kipo." Nilipoolewa alianza kuuambia ukuta. Nilipoachika na kurudi nyumbani, nadhani ukuta ulifurahi kuliko mimi.

Garimoshi lenyewe lilikuja kustaafishwa, likasukumwa kwenye reli ya pembeni nyuma ya karakana, mkabala na dirisha la jikoni kwetu. Baba mdogo akawa analifuta na kulipaka mafuta machafu lisiliwe na kutu. Nguo zetu zote zilistaafia huko kama matambara. Majirani walisema mzee ameoa chuma. Mama alipika amelipa mgongo.

Ndipo mwaka jana reli ikatuita sisi watu wa kota tuamue: likatwe liuzwe chuma chakavu, paa la shule litengenezwe, au lihamishiwe barabarani liwe kumbukumbu. Tulikutana kwenye chumba cha abiria cha stesheni, kile chenye mabenchi yaliyochongwa majina ya wapenzi ambao sasa ni mababu. Baba mdogo alivaa koti lake la kazi. Vifungo vilikuwa vinang'aa.

"Msilikate," akasema. "Niachieni mpaka nife. Nikishakufa fanyeni mnavyotaka."

Hakuwahi kuomba kitu maishani mwake, mtu yule. Mikono ikanyoshwa, pande mbili zikalingana. Stesheni masta mstaafu, aliyekuwa mwenyekiti, akakuna kichwa, akasema mjane wa dereva ndiye aamue.

Mama akasimama. "Likatwe," akasema. "Nimelipa mgongo miaka yote hii. Nataka nigeuke nione ukuta."

Njiani nilimwambia roho yake ni ngumu kuliko hilo garimoshi. Akanijibu kwamba mdomo huo nimeurithi kwa baba. Nilikuwa na hasira naye mpaka nikashindwa kula.

Wakataji walikuja na mitungi yao ya gesi. Baba mdogo hakukaa ndani kama nilivyodhani. Alikwenda kuwasaidia, eti wasije wakalishika vibaya. Jioni akarudi mweusi tii, maana tumbo la garimoshi lilipopasuliwa lilitema masizi yote ya zamani. Nilishtuka. Nilikuwa sijaona mwanamume akiingia nyumbani kwetu na sura ile tangu utoto. Akaweka mezani filimbi ya shaba, ndogo kuliko nilivyoidhania, haizidi birika.

Mama akanigeukia. "Mwambie baba yako mdogo aondoe uongo wake mezani kwangu."

Safari hii baba mdogo hakunisubiri.

"Sikuipiga mimi, shemeji."

"Nani basi? Maiti?" Nadhani ilimtoka tu. Alikuwa ameshamjibu kabla hajakumbuka kwamba hasemi naye.

"Hakuwa maiti. Alikuwa hai mpaka kwenye kona. Nilimshika kiunoni, akanyosha mkono, ngozi imening'inia, akavuta kamba. Mbili fupi, moja ndefu. Akaniambia, 'Ameshasikia huyo.' Halafu akanilemea."

Nje gesi ilikuwa bado inapuliza kwenye chuma. Mama alikaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Na zahanati? Kituo cha nyuma kulikuwa na zahanati."

"Nilitaka kusimama. Akasema twende, nyumbani. Dereva akisema twende, mpiga makaa hana mdomo. Nikatupia makaa." Akafuta uso, masizi yakaenea. "Nilijua nikikwambia ya filimbi utaniuliza ya zahanati. Nikaona afadhali unichukie kwa filimbi."

Mama akaichukua, akaipangusa kwa pindo la gauni lake, akaigeuza. Dirishani, juu ya mabaki ya garimoshi, ukuta wa karakana ulikuwa unaonekana, na ulikuwa ukuta tu.

"Nimewaambia walikate," akasema.

Akasimama, akawasha jiko, akainjika sufuria kubwa, ile ambayo tulikuwa tunawekea mahindi. Nilitaka kusaidia akanisukuma kwa kiwiko. Yalipotokota akayamimina ndooni, akaipeleka bafuni mwenyewe, mzee yule, ndoo inamyumbisha.

"Shemeji," akasema aliporudi, bila kumtazama. "Nenda kaoge. Maji yasipoe."

Baba mdogo akaingia, akafunga mlango. Tukangoja kusikia kopo likigonga ndoo. Tulichosikia ni mtu mzima analia. Mama alisimama nje ya mlango na taulo mkononi, paji la uso limeegemea mbao.

"Oga, shemeji," alikuwa anasema. "Oga tu."

Alisimama pale mpaka alipojua kwamba maji yamepoa. Akaniachia taulo, akaenda kuchemsha mengine.